Konzi ya Udongo wa Mke Mwenza

Wajukuu zangu, acheni kucheka. Mnaniona nimebeba ungo kwenda kuomba udongo kwa jirani, na udongo tunaukanyaga hapa hapa. Kaeni niwaambie kwa nini.

Zamani udongo wa kitalu ulioshwa kama sufuria. Wanawake wa milima hii waliuchekecha, wakauanika juani, wakaumwagia maji yaliyochemka. Kuvu ilikuwa aibu. Aliyeonekana nayo kitaluni aliitwa mchafu hadi kwao alikozaliwa. Na bado miche ilikufa. Kinyausi, ugonjwa ule unaoozesha shingo ya mche, kilipita, na asubuhi unakuta nusu ya kitalu imelala chini.

Mzee Mkwizu alikuwa na wake wawili. Nakijwa, mkubwa, alikuwa na watoto sita. Namkunda, mdogo, hakuwa hata na mmoja. Mwaka mmoja mzee akatangaza kwamba shamba la bondeni, lenye maji mwaka mzima, atalipata yule ambaye miche yake ya ngogwe, hizi nyanya chungu, itasimama. Shamba hilo Nakijwa alikuwa akililima tangu ujana wake, na ndilo lililowalisha wanawe. Usingizi ukamruka.

Alichungulia kitalu cha mwenzake kila siku. Akiona jani moja limezidi la kwake, chakula hakishuki. Wivu ulimla hasa, siwafichi. Mwishowe akakumbuka pumba za mtama zilizooza nyuma ya kinu chake, zimeota kuvu ya kijani. Namkunda alipokwenda kisimani, Nakijwa akazichota, akazifukia katikati ya miche ya mwenzake, kisha akarudi kwake kuosha udongo wa kupanda upya.

Siku zikapita. Miche ya Namkunda ikanenepa shina. Nakijwa akadhani kuvu haikutosha, akaongeza. Alifanya hivyo mara nne, na kila mara miche ya mwenzake ilistawi, ya kwake ikalala. Kumbe kuvu ile ilikuwa ikikila kinyausi huko chini mizizini.

Ulibaki mwezi mmoja mzee aje kukagua, na kitalu cha Nakijwa kilikuwa kitupu. Ndipo Namkunda akaja mlangoni na ungo umejaa udongo wenye kuvu. Nakijwa akatamani ardhi immeze.

“Dada, nilikuona tangu siku ya kwanza, nikirudi kutoka kisimani,” Namkunda alisema. “Nilipoona miche inanenepa nilinyamaza, kwa sababu nililitaka shamba lako. Una watoto sita, mimi nina nini? Lakini jana mwanao wa mwisho kaniuliza kama mwaka huu mtakula. Chukua, changanya na wako, usiuoshe.”

Nakijwa hakushukuru. Aliupokea ungo kwa hasira, akapanda siku ile ile, na miche yake ikasimama yote. Mzee alipokuja alishindwa kuchagua. Bonde likagawanywa katikati, na mfereji uliochimbwa mpakani ndio ule mnaoogea.

Na tangu siku hiyo, mwanamke wa huku hapandi kitalu bila konzi ya udongo wenye kuvu kutoka kwa yule anayemwonea wivu kuliko wote. Anayeomba hashukuru, na anayetoa haulizi.

Sasa nipisheni. Ngogwe za Mama Nanzia mmeziona zilivyoshiba. Zinaniuma roho tangu Jumapili, na leo naenda kwake kuchota.