Bei ya Mbweha kwa Cherehani ya Marehemu

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto, kaeni karibu. Na nyinyi watu wazima mnaopenda kununua vitu vya wenzenu kwa bei ya kutupa, njooni mbele kabisa, niwaone nyuso zenu nikisimulia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanavaa nguo, aliishi Bi Kwale, mjane. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alishona asubuhi, alishona mchana, na adhana ikiadhiniwa aliacha sindano ndani ya kitambaa akaenda kuswali. Siku moja Mungu alimchukua. Aliumwa siku mbili tu, ya tatu akazikwa. Amrehemu Yeye anayerehemu.

Bi Kwale alibaki na vifaranga sita, nyumba yenye paa bovu, na cherehani.

Alikaa eda yake mpaka ikaisha. Akatoka nje, akatazama paa. Nyasi zimeoza. Akatazama mbingu. Masika yako karibu. Akaenda kuuliza bei. Mizigo mitano ya nyasi ni madebe matano ya mtama. Fundi wa kuezeka anataka madebe matatu. Jumla manane. Ndani hakuna hata kibaba.

"Mama, utauza cherehani ya baba?" aliuliza kifaranga mkubwa.

"Nitauza, mwanangu. Baba yako hakuiacha ili mloe na mvua."

Siku ya gulio aliibeba. Aliibeba akapumzika, akaibeba akapumzika, mpaka akafika. Akatandika mkeka, akaiweka juu, akaifuta vumbi kwa ncha ya bawa. Akasema moyoni: nitataja kumi, tushuke tufike manane. Chini ya hapo wanangu watalala majini.

Gulio lile lilikuwa na desturi zake. Mnunuzi anasalimia kwanza. Kama kitu ni cha marehemu, anatoa pole. Kisha anakijaribu. Akishakijaribu, ndipo anataja bei, hata iwe ndogo namna gani, na hakuna wa kumlaumu. Wakikubaliana, kila mmoja anaweka mguu wake au bawa lake juu ya kile kitu, wanasema Bismillahi, na biashara imefungwa. Hata aje mwenye ghala zima la mtama, haifunguliwi.

Wa kwanza kufika alikuwa Kunguru. Hakusalimia. Alitua pu! juu ya mkeka na miguu yake michafu.

"Wewe! Chuma hiki unauza?"

"Waalaykumu salaam," alijibu Bi Kwale.

"Sijakusalimia mimi. Nimeuliza bei."

"Madebe kumi, baba. Jaribu kwanza, ndipo useme."

"Nijaribu nini? Kanyagio limelika upande mmoja! Rangi imetoka! Kaa! Kaa! Madebe mawili."

"Jaribu kwanza, ndipo useme."

"Chuma chakavu!" alisema Kunguru, akaruka zake.

Hazikupita dakika nyingi akaja Kicheche. Naye mnamjua. Kabla hajafika, harufu yake ilikuwa imeshafika na kukaa. Alizunguka cherehani mara moja, akaipiga teke, ti!

"Debe moja."

"Moja?"

"Moja, na hilo ni kwa sababu mimi nina huruma. Mwingine angetaka umlipe kwa kukuondolea takataka."

"Jaribu kwanza, ndipo useme."

"Chuma chakavu!" Akaondoka, harufu ikabaki.

Jua lilipanda. Mawingu nayo yalipanda. Bi Kwale aliitazama cherehani, na shaka ikamwingia. Labda ni kweli, alisema moyoni. Labda mimi naiona nzuri kwa sababu naona mikono iliyoishika. Wawili wamesema chakavu. Hawawezi kukosea wote wawili.

Naam, wasikilizaji wangu, hapo ndipo alipotakiwa afike. Maana Kunguru na Kicheche walikuwa wametumwa! Waliambiwa: nendeni mkamvunje moyo, mimi nitakuja nyuma nionekane mwema. Na aliyewatuma ndiye huyu anayekuja sasa, mkia juu, kofia upande. Mbweha.

"Shemeji! Asalaam alaykum, shemeji yangu! Msiba wako ni msiba wangu. Marehemu alikuwa ndugu yangu kabisa."

"Waalaykumu salaam. Hukuja kumzika."

"Nilipatwa na udhuru, shemeji."

"Hata arobaini hukuja."

"Udhuru ule ule."

Bata aliyekuwa akiuza vyungu jirani alicheka kwaa-kwaa, akajifanya anakohoa.

"Tuyaache hayo," alisema Mbweha. "Nimekuja kukusaidia. Nakupa madebe matatu. Matatu, shemeji! Wenzangu wamesema mawili na moja."

"Umejuaje walichosema?"

Mbweha alijikuna sikio. "Gulio dogo hili. Maneno yanatembea."

Bi Kwale akamtazama. Akamtazama tena. Akaelewa. Lakini kuelewa hakuezeki nyumba.

"Shemeji, bei ni kumi, na maongezi yapo. Jaribu kwanza, ndipo useme."

"Nijaribu!" Mbweha aligeukia watu, akapaza sauti kama mpiga mbiu. "Jamani, sikieni! Ananiambia nijaribu! Mimi ni fundi, naijua cherehani kwa kuitazama. Wallahi, hii inakula kitambaa! Naapa mbele yenu nyote, haifai kushona hata gunia! Atakayempelekea kitambaa mwenye cherehani hii, amekitupa!"

"Usimtaje Mungu kwa ajili ya mtama," alisema Bi Kwale polepole.

"Namtaja kwa sababu ni kweli. Shemeji, mwenyewe amekufa na mashine imekufa. Mngewazika pamoja."

Bata aliinamisha kichwa kwenye vyungu vyake.

Bi Kwale alichukua upande wa mtandio wake, akaifunika cherehani. Akasema kimoyomoyo, sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

"Nitakuwa kwa muuza kahawa," alisema Mbweha. "Mvua ikinukia hapa utanifuata mwenyewe. Na ukija, yatakuwa mawili na nusu."

Akaenda, akakaa, akaagiza kahawa na kashata. Sasa niwaambieni kilichokuwa tumboni mwake. Mbweha alikuwa fundi kweli, fundi wa viraka, na cherehani yake ilikuwa imevunjika shingo. Na Mzee Nyati alikuwa amempelekea majora ya kitambaa ashone kanzu thelathini za harusi ya mwanawe. Siku zilibaki nane. Malipo ya awali Mbweha alishayala. Cherehani nyingine ya kununua haikuwepo, uende kaskazini, uende kusini. Aliihitaji ile kuliko alivyohitaji kupumua. Angeweza kutoa hata madebe kumi na mawili, anayo! Lakini ataonaje raha ya kununua bila kwanza kumdhalilisha muuzaji? Wako wengi wa namna hiyo. Hawashibi bei ndogo. Wanataka na machozi juu yake.

Akawa anakunywa kahawa yake, fyoo, fyoo.

Mara alifika Kakakuona. Mnyama wa magamba, mpole, mwendo wake wa kujikokota, mfuko mgongoni. Alisimama nje ya mkeka.

"Asalaam alaykum, mama."

"Waalaykumu salaam, mwanangu."

"Nimesikia hii ilikuwa ya Fundi. Pole sana. Mungu amlaze pema. Kanzu niliyooa nayo alinishonea yeye, na mimi unaniona magamba yangu, si kazi ndogo."

"Amina, baba. Nimeshapoa."

"Naruhusiwa kuijaribu?"

Hapo Bi Kwale alitoa mtandio. Kakakuona akakaa chini, akachungulia, akagusa kanyagio kwa ukucha mmoja.

"Limelika upande huu," alisema. "Alikuwa anakanyaga kwa mguu wa kulia."

"Wa kulia. Wa kushoto ulikuwa unamuuma."

"Basi alifanya kazi sana huyu bwana."

Uzi ulikuwa bado ndani, uzi mweupe, aliouweka marehemu kwa mkono wake. Kakakuona alitoa kipande cha kitambaa, akakanyaga. Krrr. Krrr. Krrr-krrr-krrr-krrr! Mshono ulipita umenyooka kama njia ya siafu. Bi Kwale aligeuza uso. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu msiba.

Kakakuona alingoja mpaka alipogeuka tena.

"Bei gani, mama?"

"Kumi. Na maongezi yapo."

"Inastahili kumi. Inastahili hata zaidi. Ila mimi nina matano tu, ndiyo haya mgongoni. Sitaisema vibaya ili ilingane na mfuko wangu. Ukiniambia nenda, nitakwenda kwa amani, na dua nitakuombea."

Bi Kwale alihesabu moyoni. Matano ni nyasi bila fundi.

"Mwanangu, nauza ili niezeke nyumba. Matano ni ya nyasi. Mwezekaji anataka matatu."

"Mwezekaji wa nini? Kucha hizi unazionaje? Mimi napanda paa tangu utoto. Nunua nyasi, mimi nitaezeka. Kesho na kesho kutwa."

Bi Kwale akatazama mawingu. Akatazama kucha. Akaweka bawa juu ya cherehani. Kakakuona akaweka mguu.

"Bismillahi."

"Bismillahi."

Kwa muuza kahawa, Mbweha alikuwa amesikia ile krrr-krrr. Kikombe kilimtoka, pwa! Alikuja mbio akikokota magunia yake ya mtama, kofia ikaanguka nyuma yake.

"Shemeji! Ngoja! Natoa manne!"

"Imeuzwa, shemeji."

"Manane!"

"Imeuzwa."

"Kumi! Kumi na mawili! Haya hapa, yahesabu!" Akaanza kumwaga mtama mkekani, shwaa, shwaa.

Madebe kumi na mawili, wasikilizaji wangu. Nyasi, mwezekaji, na chakula cha vifaranga mpaka mavuno. Bi Kwale aliutazama ule mtama. Alikuwa na njaa tangu asubuhi. Msidhani hakuutamani. Aliutamani.

Kakakuona alisema kwa sauti ndogo, "Mama, ukitaka kuniachia, mimi nitaondoa mguu. Una watoto."

"Usiuondoe," alisema Bi Kwale. "Tumeshamtaja Mungu." Kisha akamgeukia Mbweha. "Na wewe, shemeji, hata isingeuzwa nisingekuuzia. Umeapa kwamba inakula kitambaa. Nikuuzie kitu kibovu, nikajibu nini mbele ya Mola wangu?"

"Ah, shemeji! Yale yalikuwa maneno ya biashara!"

"Wallahi ni neno la biashara?"

"Nilikuwa napunguza bei tu! Mashine nzima ile, kila mtu anajua! Naihitaji! Nina kanzu thelathini za watu!"

"Kanzu za nani?"

Sauti hiyo haikuwa ya Bi Kwale. Ilikuwa nzito, na ilitoka nyuma, na wanyama walikuwa wamempisha mwenyewe. Mzee Nyati alikuwa amekuja gulioni kununua chumvi.

"Mzee wangu!" alisema Mbweha. "Shikamoo, mzee wangu!"

"Sijasema marahaba. Kumbe huna cherehani?"

"Ninayo... ilikuwepo... ndiyo nilikuwa..."

"Na hii hapa umeapa haifai kushona gunia. Nilikuwa kwenye chumvi, nimesikia. Watu wote wamesikia. Na sasa nakusikia unasema ni nzima. Kwa hiyo ulipomtaja Mungu ulidanganya. Na mimi kitambaa changu nimempa nani?"

Mbweha alirudi nyuma hatua moja. Kunguru alitazamwa, akajifanya anatafuta chawa kwenye bawa. Kicheche alishatoroka, ila pale aliposimama palijulikana.

"Yarudishe majora yangu leo hii," alisema Mzee Nyati, "pamoja na ulichokula." Akamwinamia Kakakuona. "Kijana, kanzu thelathini kwa siku nane utaweza?"

"Siku mbili za kwanza nina paa la mama huyu, mzee. Nimeahidi. Zilizobaki nitashona asubuhi na mchana, inshallah."

"Ezeka kwanza. Nyumba ya mjane haisubiri harusi yangu."

Mbweha aliuzoa mtama wake uliomwagika, pamoja na mchanga. Hakuna aliyemsaidia. Bata alicheka kwaa-kwaa, na safari hii hakujifanya anakohoa.

Siku ya tatu, alasiri, masika yakaanza. Yalinyesha bila huruma. Ndani ya nyumba ya Bi Kwale halikuanguka tone. Vifaranga walikula uji wa mtama, maana Bata na wauza vyungu wenzake walichanga. Mama yao alitia udhu, akaswali, akamwombea mumewe mpaka maneno yakamwishia.

Na Mbweha? Tangu siku ile kila akisimama mbele ya mkeka, muuzaji alifunika bidhaa yake. Akiuliza bei, aliambiwa, "Mbovu hii, shemeji, haikufai." Mpaka leo mbweha hauziwi kitu. Anaokota. Mtamwona pembeni mwa njia, anavizia vilivyotupwa, na hata hivyo, kabla ya kuokota anavitazama kwa dharau.

Kwa hiyo, watoto, na nyinyi wakubwa wa mbele mnaoangalia chini: kutaja bei ndogo si dhambi. Mfuko ni mdogo, sema ni mdogo, na muuzaji atakusikia. Dhambi ni kumtukana mtu na kitu chake ili umnyang'anye kwa bei ya huzuni yake. Salimia. Toa pole. Jaribu kwanza, ndipo useme. Na jina la Mungu usilitie katika mizani ya mtama.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo nyumbani; asiyeipenda asiitie ila, aiache palepale alipoikuta.