Nani Asitie Mchanga Kaburini kwa Chausiku

Nitegeeni masikio, maana mwishoni nitataka hukumu yenu.

Huko juu angani waliishi dada watatu, wakikaa karibu mno. Mkunde alikuwa nyota kubwa nyekundu. Kipawa chake kilikuwa kutoa. Sihaba alikuwa nyota nyeupe, mdogo lakini mzito kupita kiasi. Moto wake wa ndani ulishazimika, kikabaki kipawa cha kuvuta. Katikati alikuwa Mwazani, pete ya gesi iliyomzunguka Sihaba. Yeye kipawa chake kilikuwa kutunza.

Pamoja walimlea yatima, Chausiku, ulimwengu mdogo wenye bahari moja na majani machache.

Siku moja Chausiku akasema, "Mama zangu, bahari yangu inaganda."

"Nitamlisha Sihaba," Mkunde akamjibu. "Akila atawaka, nawe utaota moto." Akamwaga gesi ya mwili wake mwenyewe, bila kupima.

Kwao chakula hakitiwi mdomoni moja kwa moja. Sharti kizunguke kwanza uani, kwa Mwazani. Mwazani akakipokea, akakiweka.

"Dada, unaninyima," Sihaba akalalamika.

"Nakuwekea. Ukimaliza vyote leo, kesho utalamba sufuria?"

Mwazani alikuwa baridi, na gesi baridi huenda polepole. Ilishuka chembe chembe tu. Mkunde akaendelea kumwaga, Mwazani akazidi kujaa. Kujaa kukamtia joto, na joto likaifungua gesi yote kwa pamoja, ikaporomoka.

Sihaba hakufumba mdomo. Alikuwa na njaa ya miaka. Akavuta, na kila kilichoanguka kikawaka njiani. Mwanga ukapanda mara mia.

Chausiku akapata joto aliloliomba, kisha likapita kiasi. Bahari ikachemka hadi ikakauka. Majani yakawa majivu.

"Mama, inatosha," alisema. Hakusema tena.

Mila yao ni kwamba aliyeua hatii mchanga kaburini, wala haitwi tena mama. Nyota jirani wakataka mmoja wa dada hao atoke mazikoni.

"Mimi nilitoa tu," Mkunde akasema.

"Ulitoa bila kuuliza kama pamejaa," Mwazani akamwambia.

"Nani alilundika?" Sihaba akauliza.

"Na mdomo huo nani aliufungua?" Mwazani akamrudishia.

Sihaba akainama. "Nilikuwa na njaa. Ninyi mlikuwa mmeshiba."

Wote watatu wanalia, na maiti bado iko juu ya ardhi. Wewe ndiye uliyeshika koleo. Je, ungemnyima nani?