Kwa Nini Wanatuita Wala-Vibichi

Mmekuja tena kuniuliza habari za Wala-Vibichi, na kuku hamjawafungia. Haya, kaeni, na atakayesinzia simrudii.

Zamani humu bondeni moto haukunyimwa mtu. Wako ukizimika, unakwenda kwa jirani na kigae, unapewa kaa la moto. Basi alikuwako Nankondo, mchoyo, makande yake yananukia bonde zima. Akaja bibi mmoja mwenye jicho moja, ameshika kigae.

"Mwanangu, nipe moto."

"Moto wangu umezimika, bibi."

Uongo mtupu. Aliogopa akimwingiza jikoni atalazimika kumpakulia.

Bibi akaenda, akarudi. "Mwanangu, nipe moto."

"Makaa yangu mabovu."

Akarudi tena. "Mwanangu, nipe moto."

"Kaliombe jua, usinichoshe."

Kumbe bibi ni zimwi. Akapuliza, kila jiko bondeni likazimika, na hata ukipekecha vijiti hupati cheche. Watu wakala mihogo mibichi na mahindi mabichi, watoto wakaharisha, na wa milimani wakacheka wakatubandika hilo jina.

Wanawake wakamburuta Nankondo hadi pangoni kwa zimwi. "Mtoze huyu unachotaka, utupe moto."

"Mbuzi sitaki," zimwi akasema. "Nataka utamu wa yale makande."

Akatia kidole kinywani mwa Nankondo, akachomoa ladha yote, akaimeza. Mioto ikawaka. Nankondo akarudi, akapika, akaonja, akaongeza chumvi, akaonja tena. Mpaka anazikwa, kila alichotafuna kilikuwa udongo.