Kibuyu Kilichonong'ona

Kaeni, mfunge midomo. Hadithi hii nikiisimulia mimi, wenye vyeti huenda nyumbani wakikuna vichwa.

Bi harusi Jemutai alipokewa kwa mumewe na mawifi wawili na shemeji. Wifi Taplelei alikuwa na masikio ya kusikia sisimizi akipiga chafya. Shemeji Sawe alikuwa na pua iliyojua kila mti kwa moshi wake. Wifi Jemeli alikuwa na mikono: akisugua sufuria, unajiona mpaka meno ya nyuma.

Mama mkwe alimpa Jemutai kibuyu cha ukoo agandishie maziwa. Yakaoza. Akaosha, akarudia. Yakaoza tena, na ndani ute mzito kama makamasi!

"Yakiharibika tena," akasema mama mkwe, "utarudi kwenu."

Taplelei akatega sikio kwenye kibuyu, akaruka nyuma. "Mama yangu! Kuna watu humu!"

"Watu gani, wifi?"

"Vijidudu! Vinaulizana, 'Tumetosha?' 'Tumetosha!' 'Basi jengeni!' Ute huu ni nyumba yao!"

Wote wakabaki midomo wazi, kama nyinyi hapo.

Jemeli akaingiza brashi na maji moto. Brashi ikateleza juu ya ute. Mikono ile! Imeshindwa!

"Leo umepatikana," Sawe akamcheka. Akaenda porini, akarudi na kijiti cha mti anaoujua yeye, akakichoma, akakisugulia ndani kikifuka moshi.

Taplelei akasikiliza. Macho yakamtoka. "Lo! Vinaitana, havisikiani! Kila kimoja kinauliza, 'Wenzangu wako wapi?'"

"Vimekufa?"

"Hakijafa hata kimoja! Ila havijengi tena!"

Ndipo Jemeli akarudi na brashi yake. Ute ukabanduka wote, kama gamba la nyoka. Safari hii maziwa yakaganda vizuri, matamu.

Mama mkwe akamimina kikombe cha kwanza, akamshikisha Jemutai. "Mpe aliyekuokoa. Kwetu hiki hakigawanywi."

"Bila mimi mngejua nini?" akasema Taplelei.

"Bila moshi wangu ungesikiliza mpaka uzeeke," akajibu Sawe.

"Na nyote wawili," akasema Jemeli, "hamkutoa hata tone la ute."

Jemutai amesimama, kikombe mkononi. Atakaowanyima ataishi nao boma moja maisha yake yote.

Haya, wajanja wangu, semeni. Kikombe kingekuwa mkononi mwako, na watatu hao wanakukodolea macho, ungemnyooshea nani?