Mkwe Aliyepigiwa Ukelele

"Neno la njia amana, ukipewa lipeleke." Hivyo ndivyo mlivyomsikia mkuu wa msafara akisema asubuhi hii, alipokuwa akikupangeni wawili wawili mbele ya msikiti, nanyi mkaulizana: neno gani hilo, na amana ni ya nani? Ziegemezeni baiskeli ukutani, mkae kitako. Msemo huu una siku yake ya kuzaliwa, na waliouzaa nawajua kwa majina.

Hapa Mtondooni, tangu enzi za babu zetu, kila uingiapo mwezi wa Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, watu huenda kwa baiskeli hadi Kilimajuu kusoma Maulidi. Wakati huo mkuu wa msafara alikuwa Mwalimu Mbarouk, aliyefundisha watoto Kurani chuoni. Adabu za safari alizirithi kwa baba yake, naye alizishika kama mtu ashikavyo udhu. Hapana ampitaye kiongozi. Hapana akaaye upande wa magari. Hapana abanaye breki ghafla bila ya kumwarifu wa nyuma. Na kubwa kuliko zote ni hii: kwa kuwa aliye katikati haoni ila mgongo wa mwenzake, kila hatari aionayo wa mbele huitamka kwa sauti, na kila mtu humpokeza aliye nyuma yake, mpaka neno limfikie wa mwisho.

Katika msafara huo alikuwamo Mzee Shaame Faki, mtunzi wa mashairi, mtu mzima mwenye baiskeli nzito ya kizamani ambayo vijana wakiitania kuwa imezaliwa kabla yake. Mbele yake alipanda Khatib Makame, mume wa binti yake. Khatib mwenyewe ndiye aliyeomba kukaa hapo, apate kumkinga mkwewe na upepo.

Mwaka mmoja, walipokuwa wakiteremka bonde la Mkwajuni huku wakisoma kasida, Mwalimu Mbarouk aliona shimo. Akasema, "Shimo kushoto!" Neno likapita kinywa hadi kinywa, likamfikia Khatib. Khatib akalikwepa shimo, akanyamaza. Gurudumu la Mzee Shaame likaingia lote. Mzee akaruka juu ya usukani, na mkono wake wa kulia ukavunjika.

Baada ya siku chache watu wakakusanyika barazani kwa Sheikh Nassor, imamu wetu. Kila mmoja aliapa kuwa neno alilitoa. Ikafika zamu ya Khatib, naye akainamisha kichwa.

"Lilinifikia," akasema. "Nikalimeza."

"Ukalimeza?" Mwalimu Mbarouk akapaza sauti. "Kwani lilikuwa haluwa?"

"Mwalimu, yule ni mkwe wangu. Mwaka wa saba huu sijawahi kukohoa mbele yake. Vipi leo nimpigie ukelele, 'Shimo!', kama nafukuza kuku mpungani?"

Msicheke. Wako waliotikisa vichwa kumwafiki, maana mambo ya ukwe mnayajua, na kijana yule alilelewa akaleleka. Mzee mmoja akashauri kuwa basi na itafutwe lugha ya heshima. Mtu aseme, "Samahani baba, mbele yako kuna shimo."

Mwalimu Mbarouk akamtazama. "Akifika kwenye 'samahani', keshavunjika. Akifika kwenye 'baba', tunamkafini."

Baraza likavunjika mbavu. Sheikh Nassor hakucheka. Alisema, "Kumsifu Mtume ni kheri. Kuvunja waja wa Mungu njiani si kheri. Mwakani nendeni, lakini akiumia hata mtu mmoja, msafara huu nimeufunga. Mtakwenda kwa lori la kukodi, mkae kama magunia."

Maneno hayo yaliwachoma watu. Safari iliyoasisiwa na wahenga ingekufa, na kila aliyekuwapo alijua kuwa ingekufa kwa kinywa cha Khatib. Khatib akainuka, akasema kuwa mwakani yeye hatakwenda, ili asiwe sababu tena.

Ndipo Mzee Shaame, mkono ukiwa umefungwa na kuning'inia shingoni, akamwambia, "Keti, mwanangu. Heshima yako nimeipokea, na Mungu akulipe. Lakini lile shimo halikujua kuwa mimi ni mkweo."

Watu wakacheka tena. Mzee akangoja wanyamaze.

"Nikuulize. Mtu akikupa kanzu yangu uniletee, utaivaa wewe?"

"Hasha, baba."

"Utaizika?"

"Hasha."

"Basi neno lile lilikuwa langu. Lilitoka kwa Mwalimu kuja kwangu, wewe ulikuwa njia tu. Umeshika amana ya mkweo ukaila, kisha waniambia ni adabu! Mwakani utakaa palepale mbele yangu, na ukelele nautaka. Usiponipigia, binti yangu atarudi nyumbani."

Hilo la mwisho alilisema kwa mzaha, lakini Khatib hakuwa na hakika.

Siku hiyo Mwalimu Mbarouk aliongeza sharti moja. Neno likimfikia wa mwisho, naye ajibu, "Limefika!" Na jibu hilo lirudishwe kinywa hadi kinywa mpaka mbele, kiongozi ajue kuwa nyuma wamesikia.

Mwaka ukazunguka, Mfungo Sita ukaingia. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, kanzu tumezikunja viunoni, kasida zikipanda na kushuka na vilima. Mimi nilikuwa nyuma ya Mzee Shaame, kwa hiyo niyasemayo niliyaona. Khatib alikuwa kimya njia nzima. Mzee akawa anamchokoza: "Mkwe, koo lipo? Au umelisahau kwa mke wako?" Naye akajibu kwa sauti ya chini, "Lipo, baba."

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Tulipouanza mteremko wa Mkwajuni, baiskeli zilishika kasi, na chini pana kona ambayo nyuma yake hapaonekani kitu. Mwalimu Mbarouk akakata kona, akaona kuwa mto umeila barabara. Daraja lilikuwa limekwenda, limebaki korongo lenye maji mekundu. Akajitupa ubavuni kwenye nyasi, baiskeli chini, akainuka na kupaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Simama! Njia imekatika!"

Neno likaanza kupanda mlima. Nililisikia likija, kinywa hadi kinywa, likiikata kasida ubeti baada ya ubeti. Likamfikia Khatib. Nikaona mabega yake yakipanda, kama mtu anayetaka kuingia maji ya baridi. Mbele ya macho yangu palikuwa na mgongo wa Mzee Shaame, na mbele yake kimya.

Kisha Khatib akageuza uso, akamtazama mkwewe machoni, jambo ambalo hakuwahi kulitenda tangu siku ya nikaha, na akapiga ukelele uliowatoa ndege mikarafuuni:

"Simama! Simama, Shaame! Njia imekatika!"

Jina tupu, jamani! Bila ya baba, bila ya mzee! Nami nikalipokea nikalipeleka, na wa nyuma yangu vivyo hivyo. Breki zikalia mlima mzima. Msafara ukasimama kama tasbihi iliyoshikwa uzi, hapana punje iliyoanguka. Chini kule, Mwalimu Mbarouk alikuwa ameligeuzia mgongo korongo, mikono ameitandaza, akingoja. Na kutoka juu kabisa, penye ncha ya mlima, sauti ya mtu wa mwisho ikaanza kushuka:

"Limefika! Limefika! Limefika!"

Mwalimu Mbarouk akasujudu palepale matopeni.

Tulivuka mto kwa miguu penye kina kifupi, baiskeli mabegani, wenye nguvu wakiwashika mikono wazee. Tulipoingia Kilimajuu tulikuwa wawili wawili, kengele zote zikilia kwa pamoja, tope hadi magotini, kasida imerudi na imepata nguvu maradufu. Wanawake wakatupokea kwa vigelegele. Sheikh Nassor, aliyekuwa ametangulia tangu jana yake, alisimama mlangoni pa msikiti akitutazama mmoja mmoja.

"Nani kaumia?" akauliza.

"Hapana aliyeumia, Sheikh," akajibu Mzee Shaame, "ila mimi. Mkwe wangu kaniita kwa jina langu tupu mbele ya kaumu nzima."

Khatib akataka ardhi impasukie. Lakini mzee alimshika mkono kwa mkono ule uliokuwa umevunjika, akauinua juu watu wote wauone, na akatoa kwa sauti ya utenzi maneno ambayo huenda alikuwa akiyapima njia nzima, mizani nane kwa nane:

"Neno la njia amana, ukipewa lipeleke!"

Umati ukaitikia. Sheikh Nassor akasema, "Msafara huu haufungwi tena," akafungua mlango wa msikiti, na siku hiyo aliyepewa heshima ya kufungua Maulidi kwa sauti alikuwa Khatib Makame.

Basi na nyinyi, mkisikia neno leo, msiulize aliye nyuma yenu ni nani, wala sauti zenu zitamfikia vipi. Si lenu. Ni lake. Neno la njia amana, ukipewa lipeleke.