Nakala Moja ya Mwalimu Namsifu

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, zamani hii tu ya jana na juzi, katika milima ya Upare ambako tangawizi hulimwa mpaka kwenye makorongo, palikuwa na mwalimu wa darasa la tatu aliyeitwa Namsifu. Watoto wake walikuwa wengi kuliko madawati. Mvua ikigonga bati, alipaza sauti asikike. Mvua ikikatika, alipaza sauti vile vile. Alipaza sauti mwaka baada ya mwaka, na akirudi nyumbani hakuwa na neno lililobaki.

Asubuhi moja alifungua kinywa aite majina, ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena, pumzi tu. Hospitali wakamwambia koo limevimba ndani, pale sauti inapotokea.

"Nyamaza mpaka lipoe," alisema daktari, "la sivyo utanyamaza moja kwa moja."

Sasa mwalimu asiye na sauti atakula wapi? Mwalimu mkuu alitaka kupeleka taarifa wilayani aondolewe. Lakini chumba cha pili alikuwepo Mwalimu Msofe wa darasa la saba, mtu mzima, mpole, aliyekuwa akitarajiwa kupewa ukuu wa shule. Akasema, "Darasa la tatu niachie mimi. Mwalimu Namsifu abaki na kipindi cha kusoma tu."

Akasimama mlangoni kati ya vyumba viwili. Akafundisha huku, akafundisha kule. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyemwongezea kitu.

Kipindi cha kusoma kilibaki, lakini vya kusoma havikuwepo. Vitabu vilikwisha kuliwa na mchwa.

Namsifu alikuwa mjane, akiishi na mama mkwe wake, Bibi Nakiete. Jioni ile alikaa naye jikoni. Bibi alikuwa akikwangua tangawizi. Akamtazama mkwewe aliyekaa kimya, akasema, "Leo huwezi kunikatiza. Basi nitakusimulia alichonisimulia mama yangu."

Akamsimulia habari za Pimbi, yule mnyama mdogo kama sungura, asiye na mkia. Wanyama walichimba ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, wakamweka Pimbi alilinde. Pimbi akalinda mchana, akalinda usiku, akalinda mchana tena. Mwishowe akasinzia, maji yakamwagika yote bondeni. Wanyama wakamfukuza kwa mawe, akakimbilia majabalini, na huko ndiko anakolia mpaka leo.

Namsifu aliiandika hadithi ile kwa herufi kubwa nyuma ya kalenda kuukuu, akaitundika ubaoni. Aliyeweza kuisoma kwa sauti alikuwa Nietiwe, msichana aliyerudia darasa kwa sababu ya kushinda mashambani na baba yake. Akasoma pole pole, wenzake wakafuata. Alipofika mwisho hakukaa. Aliendelea kuitazama kalenda.

"Mwalimu," akasema, "si alikuwa amechoka? Mbona hakuna aliyempokea zamu?"

Namsifu hakuwa na sauti ya kumjibu. Akampa chaki. Nietiwe akafuta mwisho wa Bibi kichwani mwake, akaandika wake ubaoni: Nyani alikuja akamkuta Pimbi anasinzia, akamwambia, "Lala, nitalinda mimi mpaka jua lichwe." Darasa zima likataka kusoma tena, na kesho yake wakataka tena.

Sauti ya Namsifu ilirudi nusu, ya kukwaruza, na haikurudi zaidi. Lakini mkono ulikwisha kuzoea. Akaipeleka hadithi, pamoja na ule mwisho wa Nietiwe, kwa wachapishaji mjini. Wakairudisha: sentensi ndefu mno. Akaandika upya. Wakairudisha: watoto hawatamjua pimbi, weka sungura. Akakataa sungura, akaandika upya. Aliandika baada ya kusahihisha madaftari, shingo imekaza, macho yanawasha, chai imepoa mezani. Mara nyingi aliweka kalamu chini akasema basi. Asubuhi akaiokota. Hakuna aliyemshika mkono katika hilo.

Miaka ikapita hivyo. Nietiwe akafika darasa la sita. Darasa la saba la Mwalimu Msofe lilikuwa limefanya vibaya mwaka ule aliosimama mlangoni, na ukuu wa shule ukapewa mtu mwingine. Macho ya Bibi Nakiete yakaingia ukungu.

Ndipo hadithi ikakubaliwa. Ijumaa moja ukafika mfuko, ndani yake kitabu kimoja chenye picha za rangi, Pimbi juu ya jalada na jina la Namsifu chini yake. Namsifu akampigia simu mhariri.

"Vingine vinakuja lini?"

"Hiyo ni nakala ya kwanza, Mwalimu. Tutachapa vingine shule zikiagiza."

"Na zisipoagiza?"

"Basi itakuwa hiyo hiyo," alisema mhariri. "Pole, lakini sitaki kukudanganya."

Habari haina miguu lakini hufika. Kesho yake asubuhi Bibi Nakiete alivuta kigoda karibu na mkwewe.

"Mwanangu, hadithi hiyo ni ya mama yangu. Umeipeleka mjini hukuniuliza, na mwisho wake umeubadili hukuniuliza. Sikukasirika. Lakini macho haya mwakani hayataona hata moto wa jikoni. Nipe kitabu nikae nacho, nimwone Pimbi maadamu bado namwona."

Kabla hajajibiwa, Mwalimu Msofe akabisha hodi, amevaa koti la safari. Alikuwa amestaafu, anarudi kwao siku ile.

"Mwalimu Namsifu, sikuwahi kukudai, na leo sidai," alisema. "Ila nimefundisha umri wangu wote, na ninaondoka bila kitu cha kumwonyesha mtu nikasema, hiki kimetokana na kazi yangu. Wewe ulibaki na kipindi kimoja ukaandika, vingine nilivibeba mimi. Ukuu wa shule ulipotea pale mlangoni. Ningependa niondoke nacho."

Kabla naye hajajibiwa, Nietiwe akaingia, amefunga kitenge kifuani. Baba yake alipata kazi kwenye mashamba ya mkonge huko chini tambarare, na lori lilikuwa barabarani linapakia vitanda.

"Shikamoo Mwalimu. Wanasema shule ya huko haina hata ukurasa," alisema. "Baba anasema nikifika nitafute kazi za ndani. Nikiwa na kitabu nitamwonyesha kwamba ule mwisho niliuandika mimi. Pengine ataniacha nisome. Pengine hataniacha. Lakini nitakuwa nacho."

Namsifu alikiweka kitabu mapajani, viganja viwili juu yake. Alikuwa hajakisoma. Alikifungua jana, akatazama jina lake, akakifunga, kwa kuwa alikuwa amechoka na alitaka kukisoma siku atakayokuwa amepumzika. Aliwatazama wote watatu, na hakuona hata mmoja aliyesema uongo.

"Na mimi?" aliuliza kwa sauti ile ya kukwaruza. Hakuwa anamuuliza yeyote kati yao. "Koo langu lilikwenda, kilichobaki ni kitabu hiki. Na mimi je?"

Msofe aliinamisha kichwa. Barabarani lori lilipiga honi.

Haya, ninyi mlioketi hapa mkanisikiliza, msiniangalie mimi. Mmoja alitoa hadithi, mmoja alitoa nafasi, mmoja alitoa mwisho, na mmoja aliishiwa sauti, akaandika. Kitabu ni kimoja, na lori halingoji. Je, kiende mikononi mwa nani?