Jini Mchonga Majabali na Watu wa Nuhasi Wasiosifu

Katika mji wa Nuhasi, uliozungukwa na kuta za udongo na bustani za komamanga, alitawala Sultani Ghassani bin Muthanna, mtu mwadilifu na mpole, mwenye ndevu nzuri kuliko zote katika milki yake, na katika miaka yote ya enzi yake hakuna raia hata mmoja aliyewahi kumwambia hivyo. Kwa maana watu wa Nuhasi walikuwa na desturi waliyoirithi kwa mababu, nayo ni kwamba kitu kizuri hakisifiwi. Walishika kwa yakini kuwa sifa ni mlango wa husuda, na jicho la husuda likishaingia, mtoto huugua na maziwa hukatika na nyumba hupata ufa. Basi mtu akijaliwa mtoto mzuri, majirani huja na zawadi na kusema, "Maskini, kafanana na kima," na mama hufurahi akawaandalia halua. Na mtu akialikwa karamuni, akala akashiba, hunawa mikono na kusema, "Chakula hiki hata paka angekikimbia," na mwenye nyumba huinama kwa shukrani.

Sultani alikuwa na dada, Sayida Rabab, mwanamke wa makamo ambaye hajaolewa, wala si kwa kukosa posa. Wachumba walikuja kutoka kila pembe, wakasimama nyuma ya pazia, na kila mmoja akamweleza kwa adabu kuu kwamba sauti yake ni ya chura na mwendo wake ni wa bata. Naye, ijapokuwa alijua kuwa hiyo ni heshima, alichoka kuheshimiwa namna hiyo, akawarudisha wote. Akaishi peke yake ghorofa ya juu, na jua lilipoteremka aliona kupitia dirisha, mbali sana upande wa jangwani, mstari mwekundu mfano wa kaa lililopulizwa. Akawauliza wasafiri ni nini kile, na wao, waliokwisha kupita huko na kuona kwa macho yao, walimjibu, "Mawe tu, Sayida. Mawe ya hovyo."

Hata siku moja akamwita Hamdun bin Shakwa, mwuza matandiko ya ngamia. Hamdun huyu alikwisha kutembea bara na visiwa, akazeeka njiani, na kila aliporejea Nuhasi kitu pekee kilichomlaki nyumbani kwake kilikuwa ni kufuli. Alikuwa mcheshi, na mtu wa kwanza kumcheka alikuwa nafsi yake. Husema, "Mimi tumbo langu hutangulia kuingia mjini, na mwenyewe hufuata kesho yake."

Sayida Rabab akasema nyuma ya pazia, "Hamdun, naambiwa umefika kila mahali."

"Kila mahali, Sayida, na kila mahali waliniuliza naondoka lini."

"Basi nenda kwenye ule mstari mwekundu. Uutazame kwa niaba yangu, kisha uje unieleze. Ila usinieleze kama mtu wa Nuhasi. Nieleze kama mtu mwenye macho."

Hamdun akajikuna shingo. "Kwenda nitakwenda. Hilo la pili ndilo gumu."

"Ndiyo maana sikumtuma kijana."

"Sayida, hapo umenisifu au umenitukana?"

"Chagua utakalolipenda," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu vijakazi wakasikia kicheko kule ghorofani.

Hamdun akapanda ngamia wake, akaingia jangwani, na mji ukawa mdogo nyuma yake hata ukatoweka. Hakuonana na mtu wala hema, na kwa kuwa ulimi wake haukuzoea likizo, alimsimulia ngamia habari zote alizozijua, na zilipokwisha akazianza upya, na ngamia hakucheka hata pale pa kuchekesha. Upepo ulifuta nyayo zao mara tu zilipokanyagwa, na Hamdun alipogeuka kutazama alikotoka, ilikuwa kana kwamba hakutoka popote.

Kisha mchanga ukabadilika rangi chini ya nyayo za ngamia, kutoka manjano ukawa wa zafarani, na kutoka zafarani ukawa wa damu ya komamanga, na majabali yakainuka mbele yake. Palikuwa na magenge marefu kama kuta za miji ya majitu, yenye mistari ya wekundu na weupe na zambarau iliyolala moja juu ya mwenzake mfano wa mikeka iliyopangwa dukani, na nguzo nyembamba zilizobeba vichwani mawe makubwa, na makorongo ambamo mwanga uliingia juu ukiwa mweupe na kufika chini ukiwa wa dhahabu. Na katikati ya yote lilisimama tao moja la jiwe, pana hata msafara mzima ungepita chini yake bila kujipanga, jembamba juu kama nyusi ya binti, na anga lote la buluu limeningʼinia ndani yake.

Hamdun akashuka, akaketi mchangani, na machozi yakamtoka wala hakuyafuta, kwa maana ngamia hana mdomo wa kusimulia. Alipotulia akasimama, akajitemea mate kifuani kuliepusha jicho, kama alivyofundishwa na mama yake, akasema kwa sauti, kwa mapenzi ya moyo wake wote, "Hovyo kabisa. Mawe gani haya."

Pale pale ardhi ikatikisika, na kutoka nyuma ya genge akatokea jini, urefu wake kama mnara, mabega yake yamejaa vumbi jekundu, mkono mmoja nyundo na mkono wa pili patasi. Hakunguruma wala hakutoa moto. Aliketi juu ya mlima kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Hata wewe," akasema. "Nilikuona unalia, nikasema huyu ndiye. Kumbe hata wewe."

Hamdun akasema, "Bwana mkubwa, kama unataka kunila, nakuonya mapema, nyama yangu ni ya safari nyingi. Itakusumbua meno."

"Sili watu. Jina langu ni Kashrufi. Mfalme wa zamani, ambaye kaburi lake sasa halijulikani, alinifunga kwa muhuri katika nchi hii ili niichonge, na akaapa kuwa sitafunguliwa mpaka mwanadamu aniambie kwa moyo safi kwamba nimefanya vyema. Kisha akafa, na watu wake wakafa, na hakuna wapitao hapa ila misafara ya Nuhasi. Ule wa kwanza ulikuta ukuta mmoja mrefu. Watu wenu wakasimama, wakapigwa na bumbuazi, wakasema, 'Ukuta gani mbaya huu.' Nikaona aibu, nikautoboa madirisha. Mwingine ukapita, ukasema, 'Madirisha kama meno ya kibogoyo.' Nikayabomoa, nikafanya nguzo. Wakasema nguzo ni fimbo za vilema. Kila mlichokitukana nimekivunja nikaanza tena, karne kwa karne, na yote unayoyaona hapa ni jitihada za mtu asiyejua kosa lake."

Hamdun akaelewa kwamba nchi ile yote ilikuwa imechongwa kwa adabu za watu wa kwao.

"Nami nimechoka," jini akaendelea. "Wewe hutatoka. Njia nimeziziba. Utakaa nami mpaka nichonge kitu utakachokisifu, na kama hakitapatikana, tutazeeka pamoja, ila wewe utamaliza kabla yangu."

Basi wakakaa. Asubuhi jini humweka Hamdun begani na kumtembeza nchi yake, akamwonyesha makorongo yanayopinda kama hariri iliyotupwa, na vilima vyenye milia kama kikoi cha baharia, na bwawa dogo lililofichwa kwenye kikombe cha mwamba ambamo genge zima lilisimama kichwa chini bila kumwagika. Kila mahali jini huuliza, "Je?" na Hamdun, asiyeweza kuondoa macho pale, hujibu, "Kibaya," na jini huinamisha kichwa. Jioni huketi kila mmoja juu ya jiwe lake, na wekundu hupanda magengeni na kuzimika, na hapakuwa na sauti duniani ila ya ngamia akitafuna.

Mwisho Hamdun akaona hawezi kumficha. "Kashrufi, nisikilize. Sisi kwetu tukisema kibaya, maana yake ni kizuri. Tunaogopa kukisifu kitu kisije kikapatwa na jicho."

Jini akaweka nyundo chini. "Basi nisifu, twende zetu sote."

"Siwezi. Nikilisifu tao lile, litaanguka."

"Nani kakwambia?"

"Mama."

"Mama yako alikuwa mhandisi?"

"Alikuwa mkunga. Lakini nilipokuwa mdogo nilisema mwanakondoo wetu ni mzuri, na siku ya pili akafa."

"Alikufa vipi?"

Hamdun akafikiri. "Tulimchinja. Palikuwa na wageni."

Lakini hofu aliyonyonya utotoni haikumtoka Hamdun kwa hoja moja. Alijua kwamba neno moja tu litamfungulia njia ya kwao, akalitafuta kinywani akalipata, na kila alipolitazama tao alilimeza. Afadhali afie jangwani, alijiambia, kuliko kuiona kazi ile inaporomoka kwa sababu ya ulimi wa mwuza matandiko.

Ikapambazuka asubuhi moja, akaamshwa na kishindo. Akatoka mbio, akamwona Kashrufi amesimama mbele ya tao kubwa, nyundo ameiinua juu ya kichwa.

"Unafanya nini?"

"Umesema ni hovyo," jini akajibu kwa sauti ya uchovu. "Umenieleza maana yake, nami nimejitahidi kuielewa. Lakini kwenye masikio yangu ni hovyo, na muhuri nao hausikii desturi za kwenu. Nitaanza tena."

Na nyundo ikaanza kushuka. Hamdun akajitupa chini ya tao, mikono juu, na maneno yakamtoka kama maji ya bwawa lililobomoka. Akasema kwamba amekwenda Hindi na Sham, ameona misikiti ya vigae na kasri za lulu, na hakuna mkono uliowahi kufanya kazi kama hii. Kwamba lile genge lenye mistari limemfanya amkumbuke kila aliyempenda, na wote walikufa bila kuambiwa. Kwamba siku ya kwanza alilia, na siku zote nyingine amelia ndani kwa ndani. Kwamba umefanya vyema, Kashrufi, wallahi umefanya vyema, na mimi ni mjinga mwenye tumbo niliyekunyima neno moja.

Nyundo ikasimama hewani. Muhuri uliokuwa kwenye kifundo cha mguu wa jini ukapasuka na kuwa vumbi, na wote wawili wakainua macho kulitazama tao, wakangoja lianguke. Wakangoja sana. Kijiwe kimoja kikachomoka juu, kikateremka, kikampiga Hamdun kwenye upara.

"Ni hicho tu?" akauliza.

"Ni hicho tu," akasema jini, na akacheka, na kisha akaacha kucheka. "Sasa niende wapi? Wote niliowajua ulimwenguni wamekwisha."

"Karibu kwetu."

"Wakaniambie sura yangu ni ya kima?" Akatabasamu, akamimina mbele ya Hamdun rundo la vito vya akiki nyekundu alivyovitoa katika mawe hayo yote alipokuwa akiyachonga, akampa mkono, akazifungua njia alizoziziba, akapaa upande wa mashariki, akawa nukta, asionekane tena.

Hamdun akabaki katikati ya majabali yale, yakiwa katika uzuri wao wote, na hapakuwa na wa kumwambia. Hakuwa ameujua upweke wa namna hiyo katika safari zake zote. Akamfunga ngamia matandiko, akapakia zile akiki, akarudi.

Akasimama mbele ya Sultani na mawaziri, Sayida Rabab akiwa nyuma ya pazia, akaeleza yote, korongo kwa korongo, bila kutukana jiwe hata moja. Mawaziri wakajitemea mate vifuani hata majoho yakalowa. Lakini Sayida Rabab akasema, "Rudia," naye akarudia, na alipomaliza, yeye mwenyewe akalivuta pazia kando, akamwambia ndugu yake, "Nataka kwenda kuyaona."

Sultani akasema, "Hapana mwanamke wa nyumba hii asafiriye bila mumewe."

"Basi mume mwenyewe ndiye huyu. Ni wa pekee aliyetoka kwangu na kuleta nilichomtuma."

Sultani akamgeukia Hamdun, akauliza kwa taratibu za mji, "Nawe unamwonaje?"

Ukumbi wote ukangoja kusikia chura na bata. Hamdun akasema, "Mzuri, Maulana. Na sitajitemea mate."

Wakaozwa, na akiki zikawatosha wao na jamaa zao na maskini wa mji, na harusi ilipokwisha wakaelekea jangwani. Walifika jua likiteremka, na wekundu umejaa magengeni hata juu. Hamdun akamshusha mkewe, akasimama pembeni. Sayida Rabab akatembea polepole mpaka chini ya tao, akaegemeza kiganja kwenye jiwe lililokuwa bado na joto la mchana, akakaa hivyo hata rangi ikaanza kuondoka.

"Umenieleza kila kitu," akasema mwishowe, "ila hukuniambia kwamba pako kimya hivi."

"Nilikuwa peke yangu," akasema Hamdun. "Sikujua kwamba ukimya nao ni mzuri."

Nasi tulioisikia habari yao tumeambiwa tuifikishe hivi: aliyefanya vyema aambiwe angali yupo, maana jiwe linaweza kungoja karne, na mtu hawezi.